Mtaalamu wa Kampuni Akae Kiti Gani? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Bodi za Udhibiti

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, saa 2 na dakika 38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika 6 baadaye ilikuwa imejichimbia ardhini karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Ndege yenyewe, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa haijamaliza miezi mitano tangu itoke kiwandani. Oktoba 2018 ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, ya shirika la Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189.

Naanza na msiba huu kwa sababu mjadala wa wataalamu wa viwanda kuingia kwenye bodi na kamati za serikali huzungumzwa kana kwamba ni mambo ya makaratasi na posho. Upande mmoja husema bila wao serikali haijui kitu. Upande wa pili husema wakiingia tu, tumekwisha. Mimi naona pande zote mbili zinaruka swali lenyewe: mtaalamu huyo akishaingia ukumbini, anakaa kiti cha shahidi au kiti cha hakimu?

Dhana: Anayeijua kazi ndiye afaaye kuisimamia

Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana dhana hii haifi. Serikali haiundi ndege wala haichanganyi dawa. Ukitaka kujua bawa linaweza kuvunjikaje, utamuuliza aliyelichora. Marekani walilielewa hilo zamani, na kwa miongo mingi mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, iliwatumia wahandisi wa viwandani kukagua kwa niaba yake. Mhandisi alilipwa mshahara na kiwanda, lakini aliyemteua ni FAA, na ripoti yake ilikwenda FAA moja kwa moja. Kisha ukaja mfumo mpya, ambao kufikia mwaka 2009 ndio uliokuwa ukitumika. Ulibadilisha jambo lililoonekana dogo: kampuni ndiyo ikawa inawachagua wakaguzi hao, na wakawa wanaripoti kupitia mameneja wa kampuni hiyo hiyo. Boeing ilikuwa na watu wapatao 1,500 katika kitengo chake cha ukaguzi huo.

Sasa tazama kilichofuata. Injini za 737 MAX zilikuwa kubwa kuliko za 737 za zamani na zilisogezwa mbele, kwa hiyo katika hali fulani pua ya ndege ilielekea kuinuka. Boeing wakaweka programu ya kuishusha, wakaiita MCAS. Programu hiyo ilitegemea kibawa kidogo kilichochomoza ubavuni karibu na pua, kinachogeuka kwa upepo ili kupima pembe ya ndege. Ndege ilikuwa na vibawa viwili vya namna hiyo, kimoja kila upande, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu kwa wakati mmoja. Kikitoa habari ya uongo, hapakuwa na cha pili cha kukikanusha. Mwanzoni programu iliruhusiwa kusogeza kiimarishi cha mkiani, yaani bawa la nyuma linaloinua au kushusha pua, nyuzi 0.6 kwa mkupuo. Baada ya majaribio ya kuruka, Boeing wakaipandisha hadi nyuzi 2.5, na ndani ya FAA wapo waliopaswa kuambiwa ambao hawakuambiwa. Kitengo cha FAA kilichoshughulikia mafunzo ya marubani kilikubali MCAS iondolewe kwenye vitabu vya rubani, kikiamini kwamba inafanya kazi katika mazingira ya nadra mno.

Jopo la kimataifa lililoongozwa na Christopher Hart, likiwa na watu wa FAA, NASA na mamlaka za nchi kama Brazili, China na Indonesia, lilitoa ripoti yake Oktoba 2019. Lilikuta kwamba FAA haikuijua MCAS vya kutosha kuweza kuipima yenyewe. Hapo ndipo hoja ya "wao ndio wanaojua" inapomgeukia anayeitoa. Ujuzi ulikuwapo, tena mwingi, lakini ulikaa upande mmoja wa meza. Mdhibiti alikuwa ameazima macho kwa muda mrefu hata ya kwake yakafifia.

Dhana: Mtu mwadilifu hayumbi, akikaa popote

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana humgeuza anayehoji kuwa mchongezi. Ukisema fulani asiwemo kwenye kamati, unajibiwa: "Kwani unamtuhumu wizi?" Hapana, ndugu yangu, sijamtuhumu kitu. Mwaka 2016 Boeing wenyewe waliwauliza wahandisi wao waliokuwa wakikagua kwa niaba ya FAA, na asilimia 39 ya waliojibu walisema wanaona shinikizo lisilofaa. Hao hawakuwa wezi. Ni watu waliosomea kazi yao na walioipenda, lakini bosi wa kuwapandisha cheo alikuwa upande ule uliotaka ndege itoke kwa tarehe iliyopangwa.

Mfano mwingine ni wa dawa. Vioxx ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo ya kampuni ya Merck. Iliondolewa sokoni Septemba 2004 ilipobainika kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Februari 2005 kamati ya ushauri ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakaa kuamua kama dawa hiyo ingeweza kurudi. Wajumbe walikuwa 32, na kura zikawa 17 kwa 15: irudi. Baadaye ikabainika kwamba wajumbe 10 walikuwa wamewahi kufanya kazi za ushauri au kuwa na uhusiano mwingine na kampuni zilizotengeneza dawa za jamii hiyo. Tisa kati yao walipiga kura ya ndiyo. Ondoa kura hizo 10 uhesabu upya: 14 kwa 8, isirudi. Kwa dawa nyingine ya jamii hiyo, Bextra, hesabu inapinduka vilevile.

Hakuna aliyethibitika kuhongwa. Wazee wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na hawakumwita mwamba ngoma mwizi. Walikuwa wanaeleza mikono inavyofanya kazi. (Merck haikuirudisha Vioxx, na Bextra iliondolewa Aprili 2005. Kwa hiyo safari hiyo ushauri wa kamati haukufuatwa.)

Dhana: Akishatangaza maslahi yake, mambo yamekwisha

Aliyewahi kuhudhuria kikao cha bodi anakijua kipengele hiki. Ni cha pili au cha tatu kwenye ajenda, fomu inazunguka, watu wanasaini huku chai inamiminwa. Mjumbe anasema, "Natangaza kwamba nina hisa katika kampuni husika," mwenyekiti anamshukuru kwa uwazi wake, na kikao kinaendelea huku mjumbe yuleyule akiwa ndiye mzungumzaji mkuu wa ajenda ile.

Kutangaza ni mwanzo tu. Kinachofuata ni kutoka nje, kutopiga kura, na muhtasari kuandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lina utaratibu ninaoupenda. Mwanasayansi mwenye maslahi kwenye kemikali inayopimwa anaweza kualikwa kama mjuzi, akaulizwa na kueleza, lakini haandiki tathmini wala hashiriki kuamua kama kemikali ile inaleta saratani. Ujuzi wake unaingia bila kura yake kuingia.

Dhana: Aliyestaafu kampuni ni mtu huru

Inategemea. Kama pensheni yake iko kwenye hisa za kampuni ile, au anategemea kuitwa kama mshauri mwaka kesho, hajatoka. Nchi nyingi huweka kipindi cha kusubiri kabla ya mtu kuvuka kutoka kampuni kwenda kwa mdhibiti, au kurudi, na kipindi hicho kinafaa kiwe cha miaka, wiki hazitoshi.

Dhana: Hayo ni ya Wamarekani, kwetu hayafiki

Yalifika uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa watu waliokuja kupokea wageni wakarudi nyumbani na msiba. Nchi nyingi haziwezi kuikagua kila ndege upya tangu msumari wa kwanza, kwa hiyo huanzia kwenye cheti cha FAA au cha Ulaya. Udhaifu wa bodi moja ya mbali husafiri pamoja na cheti chake. Baada ya Bishoftu, China ndiyo iliyotangulia kuzizuia ndege hizo zisiruke, Machi 11. FAA ilifanya hivyo Machi 13, wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imeshaamua. Ethiopia nayo haikuvipeleka visanduku vya kurekodi safari Marekani, ilivipeleka Ufaransa.

Na sisi tuna mfano wetu wa nyumbani. Kenya ilipotunga kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014, kampuni ya British American Tobacco Kenya ilikwenda mahakamani. Miongoni mwa mambo iliyoyapinga ni masharti yanayobana mawasiliano kati ya maofisa wa serikali na sekta ya tumbaku. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Novemba 2019 ilitupilia mbali rufaa ya kampuni. Kampuni haigharamii mawakili miaka yote hiyo kwa jambo ambalo kwake ni dogo.

Dhana: Basi tuwafungie mlango kabisa

Kwa tumbaku, ndiyo, nakubali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, katika ibara ya 5.3, unazitaka serikali zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya sekta hiyo, na sababu iko wazi. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba kampuni kubwa za sigara ziliwadanganya wananchi kwa miongo kadhaa kuhusu madhara ya bidhaa zao. Shahidi aliyekwisha kuthibitika mwongo kiasi hicho hana cha kutufundisha.

Lakini tumbaku si maji, wala umeme, wala ndege. Baada ya ajali zile mbili, sheria ya Marekani ya Desemba 2020 iliirudishia FAA mamlaka ya kuidhinisha wanaoteuliwa kukagua kwa niaba yake, na ikaagiza jopo la wataalamu lichunguze utamaduni wa usalama ndani ya Boeing. Ndani ya jopo hilo la watu 24 walikuwamo watu wa Airbus, mashirika ya ndege, watengeneza injini na vyama vya wafanyakazi. Ripoti yao ya Februari 2024 ilikuwa kali, ikiwa na mapendekezo 53. Watu wa viwandani ndio waliojua wapi pa kuchungulia. Na katika kamati za dawa za FDA, kwa miaka mingi palikuwa na mwakilishi wa viwanda aliyekaa mezani, akizungumza, lakini hakuwa na kura.

Tanzania tunayo taftishi, yaani uchunguzi wa hadharani. Kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, haijaamua bei mpya ya maji, huita mkutano wa hadhara, mwombaji anajieleza, na Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma, EWURA CCC, linasema kwa niaba ya wateja. Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo katika mji ambao sitautaja. Ukumbi ulikuwa na joto, viti vya plastiki, spika inakoroma. Mhandisi wa mamlaka ya maji alionyesha hesabu zake ukutani, akafika kwenye mstari wa upotevu wa maji, akataka kuupita haraka. Mama mmoja, kanga begani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hayo yanayovuja barabarani, kwenye bei mpya tunayalipa sisi au ninyi?"

Mhandisi akavua miwani. "Mama yangu, sehemu yake mnayalipa ninyi."

Ukumbi ukaguna. Meza kuu wakamwambia alete kwa maandishi hesabu ya upotevu peke yake, mtaa kwa mtaa. Akakubali, akaanza kuwaeleza bomba lipi ni la lini na lipi limeoza, bila kusoma popote. Hakuna mwingine mle ndani aliyekuwa na habari zile kichwani. Alipomaliza alikusanya karatasi zake, akarudi kukaa kwenye kiti cha mwombaji, na meza kuu wakaendelea kuandika.