Rasiberi nyekundu mpya: namna aina inavyozalishwa na kuandikiwa wasifu

Rasiberi nyekundu, ambayo kwa jina la kisayansi ni Rubus idaeus, ni tunda la nchi zenye majira ya baridi kali, na limo katika ukoo mmoja na waridi, tufaha na stroberi. Anayelichuma kwa mara ya kwanza huona jambo moja linalolitofautisha na beri nyeusi: likiiva na kuvutwa taratibu hutoka lenyewe, kiini chake cheupe hubaki kwenye mmea, na mkononi hubaki tunda lenye uwazi ndani, mfano wa kofia ndogo. Uwazi huo ndio asili ya taabu nyingi za wakulima wake, kwa kuwa tunda lisilo na kiini hubonyea upesi, hutoa maji na kushambuliwa na ukungu wa kijivu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzalisha aina mpya ni jitihada ya kupata tunda linalotoka kwa urahisi bila kuvunjika, na linalofika sokoni likiwa bado na umbo lake.

Makala haya yanaeleza jinsi aina mpya inavyopatikana, na hasa jinsi inavyoelezwa kwa maandishi hadi ikatambuliwa kisheria. Nasisitiza sehemu hii ya pili kwa sababu mara nyingi hudharauliwa. Mche wenye matunda mazuri shambani kwa mtafiti bado si aina. Unahesabika kuwa aina pale unapokuwa na jina na wasifu ambao mtu mwingine, mahali pengine, anaweza kuushika mkononi, akasimama mbele ya mmea na kukagua kama yaliyoandikwa ni kweli.

Tuanze na ua. Ua la rasiberi lina petali tano nyeupe, stameni nyingi zinazobeba chavua, na katikati kifungu cha pistili, yaani sehemu za kike, ambazo huweza kufika 100 au zaidi katika ua moja. Kila pistili iliyochavushwa vizuri huwa kijitunda kimoja chenye mbegu moja ndani, na vijitunda hivyo vikishikamana ndipo tunapata rasiberi moja. Aina nyingi zinazolimwa zinaweza kujichavusha zenyewe, kwa hiyo mtafiti anayetaka kuunganisha wazazi wawili aliowachagua hana budi kuliwahi ua kabla halijafunguka. Huchukua tumba lililovimba ambalo limebakiza siku moja au mbili kuchanua, akazungusha ncha ya kisu kidogo chenye makali chini ya sepali, yaani vijani vya kijani vinavyolifunika tumba, kisha akaondoa kwa pamoja sepali, petali na stameni zote, na kuacha pistili zimesimama peke yake. Ua hilo hufunikwa kwa mfuko ili nyuki wasilifikie. Chavua ya mzazi dume huwa imekwisha kukusanywa kutoka matumba mengine na kukaushwa, na pistili zikiwa tayari hupakwa kwa brashi laini au hata kwa ncha ya kidole, mara nyingi kwa kurudia siku inayofuata, kwa sababu pistili zote haziwi tayari kwa wakati mmoja. Zile zitakazokosa chavua hazitakuwa vijitunda, na tunda litatoka na mapengo.

Mbegu zinazopatikana zina ganda gumu mno. Zikipandwa hivi hivi nyingi hazioti, ndiyo maana maabara huzilainisha kwa tindikali kali ya salfuriki kwa muda mfupi, huzisafisha, kisha huziweka kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi za Selsiasi kwa wiki kadhaa, ili zione kwamba majira ya baridi yamepita. Baada ya hapo huota, na hapo ndipo uzito wa kazi unapojitokeza: rasiberi ina kromosomu 14 tu, lakini vinasaba vya wazazi vimechanganyika kiasi kwamba hakuna miche miwili iliyotokana na mbegu inayofanana. Ukipanda mbegu za tunda moja hupati aina moja, bali unapata ndugu wengi, kila mmoja na tabia zake. Aina yoyote ya rasiberi unayoijua ilikuwa mche mmoja uliochaguliwa katikati ya maelfu, kisha ukazidishwa kwa machipukizi, vipande vya mizizi au ukuzaji wa tishu maabara, pasipo kupitia tena mbegu.

Uchaguzi wenyewe ni kazi ya kuondoa. Kwa kawaida rasiberi hutoa mashina yanayoishi miaka miwili: mwaka wa kwanza hukua majani tu, mwaka wa pili huzaa kisha hufa, huku mashina mapya yakichipua kutoka chini. Kwa hiyo mche wa mbegu hauonyeshi matunda yake mapema, na mtafiti husubiri misimu kadhaa kabla ya kuonja. Akishaonja, huondoa sehemu kubwa ya miche papo hapo: iliyo na matunda madogo, iliyo na matunda yanayong'ang'ania kiini, iliyo na miiba ya kuumiza wachumaji. Michache inayobaki huzidishwa na kupandwa kwenye majaribio yenye marudio, ikilinganishwa na aina zinazojulikana, kisha hupelekwa maeneo mengine na kwa wakulima wenyewe. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, ambako rasiberi nyingi huvunwa kwa ajili ya viwanda, mche hauwezi kusonga mbele kama haukupita chini ya mashine ya kuvunia inayotikisa mashina. Tunda lisiloanguka kwa mtikiso huo halifai, hata liwe tamu namna gani. Safari nzima huchukua miaka 10 hadi 15.

Mfano mzuri wa safari hiyo ni aina iitwayo Tulameen. Mzazi wake mmoja ni Nootka ya Kanada, na mwingine ni Glen Prosen, mojawapo ya aina mbili zisizo na miiba zilizotolewa Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtafiti Hugh Daubeny wa jimbo la British Columbia, Kanada, aliwaunganisha wazazi hao mwaka 1980, na aina ikapewa jina mwaka 1989, kasi isiyo ya kawaida katika kazi hii. Ukifuatilia nasaba yake zaidi unafika kwa Willamette ya Oregon ya mwaka 1943, na nyuma ya Willamette yupo Lloyd George, aina iliyookotwa Dorset, Uingereza, ikapewa jina la waziri mkuu wa zama hizo. Damu ya Lloyd George imo katika aina nyingi za karne iliyopita, na kwa faida kubwa, kwani humo ndimo ilimopatikana jeni iliyowawezesha wazalishaji wa Amerika Kaskazini kupata mimea ambayo vidukari wa huko hawakai juu yake. Vidukari hao hubeba virusi. Lakini wasiwasi wangu ni huu: shamba la dunia nzima linapoegemea mababu wachache, ugonjwa mmoja mpya unaweza kulipitia lote, na ndiyo sababu watafiti hurejea tena na tena kwa rasiberi za porini na kwa rasiberi nyeusi ya Amerika kutafuta jeni nyingine.

Ugonjwa unaosumbua zaidi mizizi ni ule unaoletwa na Phytophthora rubi, kimelea cha udongoni kinachosafiri kwa maji na kuozesha mizizi katika mashamba yasiyopitisha maji vizuri. Huko Scotland watafiti wa taasisi ya utafiti iliyoko Invergowrie karibu na Dundee walichanganya Glen Moy, ambayo hushambuliwa kwa urahisi, na Latham, aina ya zamani ya Minnesota inayostahimili, wakafuatilia vinasaba vya watoto wao hadi wakapata alama inayoambatana na ustahimilivu huo. Kwa alama hiyo, mche mchanga hupimwa kwa kipande cha jani, na usiofaa huondolewa bila kusubiri miaka mizizi yake ioze. Taasisi hiyo, ambayo tangu mwaka 2011 ni sehemu ya James Hutton Institute, imekwisha kutoa aina ya Glen Mor iliyochaguliwa kwa msaada wa alama hiyo.

Sasa tuje kwenye wasifu. Nchi wanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea uliotokana na mkataba wa mwaka 1961, hutaka aina mpya ithibitishwe kwa mambo matatu: iwe tofauti na kila aina inayojulikana, mimea yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na tabia zake zibaki vilevile baada ya kuzidishwa mara nyingi. Kenya iliingia katika umoja huo mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015, kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa ndio huo huo unaofuatwa na wakaguzi wa mbegu wa nchi hizo kwa mazao yao.

Kwa rasiberi kuna mwongozo wake maalumu, na anayeusoma hushangaa jinsi tunda linavyochukua sehemu ndogo. Mkaguzi huanza na chipukizi changa lililo katika ukuaji wa kasi na kutazama kama ncha yake ina wekundu, na wekundu wa kiasi gani. Huangalia shina la mwaka huo kama lina unga mweupe wa nta juu yake, urefu wa pingili, na uwepo wa miiba. Kama ipo, hutazama wingi wake, urefu wake, upana wa kitako chake na rangi yake. Kwenye jani huhesabu vijani, vitatu au vitano, na hutazama ukijani wa upande wa juu na mikunjo yake. Ndipo huja kwenye matawi yanayozaa, kama yamesimama au yameinama, na hatimaye tunda: urefu, upana, umbo, ukubwa wa kijitunda kimoja, rangi, mng'ao, ugumu, na jinsi linavyoshika kwenye kiini. Mwisho huandikwa tarehe za kuchipua, kuchanua na kuanza kuiva, na kama mmea huzaa kwenye mashina ya mwaka wa pili pekee au pia kwenye ncha za mashina ya mwaka wa kwanza.

Kila tabia hupimwa kwa kulinganishwa na aina za mfano zilizopandwa pembeni katika shamba hilo hilo. Haitoshi kuandika kwamba tunda ni jekundu. Wekundu huo ni wa wastani au umekolea kuliko ule wa aina ipi? Katika hati za hataza za Marekani, ambako mimea inayozidishwa bila mbegu imelindwa tangu sheria ya mwaka 1930, rangi hutajwa kwa namba za kadi za rangi za Royal Horticultural Society ya Uingereza, ili msomaji aweze kuziona mwenyewe. Kwa kawaida uchunguzi hurudiwa kwa misimu miwili, kwa kuwa mvua na joto vinaweza kubadilisha ukubwa wa tunda na hata wingi wa miiba.

Maelezo yanayochapishwa kwa wakulima huongeza mengine: mavuno kwa mmea, uzito wa wastani wa tunda, ambao kwa aina za kisasa mara nyingi ni gramu 3 hadi 6, kiwango cha sukari na uchachu, na muda ambao tunda hudumu baada ya kuchumwa. Hapa ndipo uaminifu wa mtafiti hupimwa. Meeker, iliyotolewa Puyallup, Washington, mwaka 1967, imelimwa kwa miongo mingi kwa ladha yake na kwa ubora wake kiwandani, lakini hushikwa na virusi vinavyosafiri ndani ya chavua, na mmea ulioambukizwa hutoa matunda ambayo vijitunda vyake havishikamani, yakabomoka mikononi. Tulameen ni tamu na ina mng'ao, ila huumizwa na baridi kali na mizizi yake haivumilii udongo uliojaa maji. Wasifu unaotaja sifa na kuficha udhaifu humfanya mkulima alipie kosa kwa msimu mzima au zaidi, na mimi siuhesabu kuwa wasifu uliokamilika.

Wasifu huendelea kufanya kazi hata baada ya aina kuuzwa. Miche huchanganyika vitaluni, na mara nyingine tawi moja hubadilika kivinasaba na kuanza kutoa matunda yanayobomoka ilhali halina virusi vyovyote. Mwenye kitalu aliye na wasifu hutazama wekundu wa machipukizi na miiba ya mashina, akang'oa kisicholingana kabla hakijazidishwa, na palipo na shaka hutuma jani maabara likalinganishwe na vinasaba vya mmea mama uliohifadhiwa.

Kwa msomaji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza miche, mistari miwili ya wasifu inatangulia hadhi ya tunda lenyewe. Wa kwanza ni namna ya kuzaa. Aina zinazozaa kwenye mashina ya mwaka wa pili huhitaji mamia ya saa za baridi, kwa nyingi zaidi ya 800, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo vichipukizi vyake viamke sawasawa, na baridi kama hiyo ni nadra kwenye mashamba yetu. Aina kama Heritage, iliyotolewa Geneva, New York, mwaka 1969, au Autumn Bliss ya East Malling, Uingereza, huzaa kwenye ncha za mashina ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo hazitegemei baridi kwa kiasi hicho. Wa pili ni ustahimilivu wa kuoza kwa mizizi, kwa sababu mvua zetu za masika hujaza udongo maji kwa wiki nyingi mfululizo. Tarehe za kuiva zilizoandikwa Scotland au Washington hazitamsaidia, kwa kuwa zimepimwa kwa siku ndefu za kiangazi cha huko. Hizo atalazimika kuziandika upya mwenyewe, shambani kwake, akiwa na angalau aina mbili zilizopandwa sambamba za kulinganisha.