Akiba ya Kaya Huamuliwa Siku Fedha Zinapoingia

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, hupata sehemu kubwa ya fedha zake za mwaka katika majuma machache, kati ya Oktoba na Januari, minada ya stakabadhi ghalani (mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa pamoja) inapoendeshwa, na malipo ya wakulima yanapopitia vyama vya msingi vya ushirika. Matumizi yake, kwa upande mwingine, yametawanyika katika miezi yote kumi na miwili: chakula, dawa, sare na madaftari ya Januari, vibarua wa palizi, misiba na harusi zisizokuwa na msimu. Kaya ya namna hii haina hiari ya kuweka akiba au kutokuweka. Ni lazima iweke, kwa sababu isipohamisha fedha za Desemba hadi Juni haitafika Juni. Swali lililobaki ni namna itakavyozihamisha, na ni kiasi gani kitakachosalimika njiani.

Nimeanza na mkulima huyu kwa sababu elimu ya akiba hutolewa mara nyingi kwa sauti ya kukaripia, kana kwamba kila kaya isiyo na salio imekosa nidhamu. Sisi tunaoelimisha umma kuhusu fedha tunapaswa kuiacha sauti hiyo. Utafiti uliofanywa hapa Afrika Mashariki na kwingineko unaonyesha kwamba watu walewale, wenye kipato kilekile, huweka zaidi au pungufu kutegemea fedha zinaingia lini, zinatunzwa wapi na nani mwingine anaziona.

Kipato chenyewe ndicho msingi, na hilo halina ubishi. Mwaka 1936 John Maynard Keynes aliandika kwamba kipato kinapoongezeka matumizi nayo huongezeka, lakini si kwa kiasi kilekile, hivyo sehemu fulani ya ongezeko hubaki. Franco Modigliani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1985, alitazama umri: mtu huweka akiba akiwa na nguvu za kufanya kazi ili aitumie uzeeni. Milton Friedman alieleza mwaka 1957 kwamba watu hupanga matumizi kwa kuangalia kipato wanachokitarajia kwa muda mrefu, wala si fedha za mwezi mmoja. Nadharia hizi zinamweleza vizuri mtumishi mwenye mshahara na pensheni. Kwa kaya zisizo na pensheni, ambazo ndizo nyingi, fedha za kumsomesha mtoto huingia katika takwimu kama matumizi, ilhali mzazi mwenyewe huzihesabu kuwa akiba ya uzee wake. Sioni sababu ya kumwambia kwamba amekosea.

Bei za bidhaa pia hufundisha watu mahali pa kuweka mali. Desemba 2011 mfumuko wa bei wa mwaka nchini Tanzania ulifikia asilimia 19.8. Aliyekuwa na shilingi milioni moja kwenye kibubu tangu Desemba iliyotangulia alibaki na fedha za kununulia vitu ambavyo mwaka mmoja nyuma vingegharimu takriban shilingi 835,000. Kwa miaka ya karibuni mfumuko umeshuka hadi kiasi cha asilimia 3, lakini kumbukumbu ya kupoteza haifutiki haraka. Kaya inayonunua matofali kidogo kidogo, mabati, mbuzi au magunia ya mahindi inajikinga dhidi ya hasara iliyokwisha kuiona. Udhaifu wa akiba ya namna hiyo uko kwingine: ng'ombe hauzwi nusu, na anayeuza kwa dharura huuza kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Ipo kazi moja ya utafiti ambayo ningependa kila anayetoa mafunzo ya akiba aifahamu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya majaribio Bumala, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Wafanyabiashara wadogo walisaidiwa kufungua akaunti katika benki ya kijiji isiyolipa riba, tena iliyotoza ada kila mtu alipotoa fedha. Kwa hesabu ya kawaida, akaunti hiyo ilikuwa hasara tupu. Hata hivyo wanawake wengi wa sokoni waliitumia, na fedha walizoingiza katika biashara zao ziliongezeka, huku kwa wanaume waendesha baiskeli za abiria mabadiliko hayo yasionekane. Wanawake hao walikuwa radhi kulipa ili fedha zao zikae mbali na nyumba, mahali ambapo haziombwi na mtu na wala hazimshawishi mwenyewe. Riba ndogo ya benki, ambayo sisi wataalamu tunaitaja kwanza tunapoeleza uhaba wa akiba, haikuwa kikwazo chao kikuu.

Hapo tunagusa jambo nyeti, yaani maombi ya ndugu na majirani. Fedha zinazoonekana zina wenyewe wengi, na aliye na mtaji mezani hawezi kumwambia shemeji mwenye mgonjwa kwamba hana kitu. Lakini tusiuchukulie undugu kuwa adui wa akiba. William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014 kwamba kaya za Kenya zilizotumia M-Pesa ziliendelea na matumizi yao ya kawaida zilipopatwa na ugonjwa au kupoteza kipato, kwa sababu zilitumiwa fedha na watu wengi zaidi, wa karibu na wa mbali. Anayemsaidia ndugu leo anajiwekea haki ya kusaidiwa kesho, na hiyo ni akiba isiyo na daftari. Tatizo huanza pale msaada unapokula mtaji wa biashara au mbegu za msimu, na kinga yake ni kuzitenga fedha hizo mapema, kabla ombi halijafika.

Upande wa saikolojia una mambo mengi, ila lenye uzito zaidi ni namna tunavyoupa wakati wa sasa thamani kupita kiasi. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa Busia, Kenya, ambao wengi wao walikuwa wakisema kwamba msimu ujao watatumia mbolea, lakini msimu ulipofika hawakuwa na fedha. Mara tu baada ya mavuno, mpango uliopewa jina la SAFI uliwapa nafasi ya kulipia mbolea na kuletewa nyumbani bila gharama ya usafiri. Hatua hiyo ndogo iliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinachokaribiana na kile kilicholetwa na punguzo kubwa zaidi la bei lililotolewa baadaye. Wakulima hao walikuwa na nia tangu mwanzo, na kilichowasaidia ni kupata fursa ya kuitekeleza siku ambayo fedha zilikuwa mkononi.

Njia nyingine ni kuzipa fedha jina. Richard Thaler, aliyepata Nobel mwaka 2017, alieleza jinsi watu wanavyogawa fedha kwa mafungu akilini mwao na kusita kuligusa fungu lenye kazi yake. Katika jaribio lingine la Dupas na Robinson huko magharibi mwa Kenya, sanduku la chuma lenye kufuli, lililotengwa kwa ajili ya afya na ufunguo wake kuachwa kwa mwenye sanduku, liliongeza sana fedha zilizotumika kununulia vitu vya kinga kama vyandarua. Sanduku ambalo ufunguo wake ulishikwa na mtu mwingine halikusaidia kwa kiwango hicho, kwa kuwa watu waliogopa kufungia fedha ambazo wangezihitaji mtoto akiugua usiku.

Wanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana, walikwisha kulitatua suala hilo. Sanduku la kikundi lina makufuli matatu na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hisa hununuliwa mbele ya wote, na pembeni upo mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ili dharura isivunje akiba kuu. Utaratibu wa vikundi vya namna hii uliasisiwa Maradi, Niger, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Nchini mwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Navisihi vikundi visilione sharti hilo kuwa usumbufu, kwa maana fedha zikipotea, kikundi kisicho na usajili hakina pa kuanzia kudai.

Kwa mwenye mshahara, makato ya SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) kazini hufanya kazi ileile, kwa sababu fedha huondoka kabla hazijaonekana. Anayeona makato mapya yatambana anaweza kujifunga leo kwamba sehemu ya nyongeza ijayo ya mshahara ndiyo itakayokatwa. Mpango wa aina hiyo uliobuniwa na Thaler na Shlomo Benartzi nchini Marekani ulipandisha akiba ya wafanyakazi waliojiunga kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ya mshahara katika miezi 40. Akiba ya kwenye simu ina urahisi wake, lakini menyu inayopokea akiba ndiyo hiyohiyo inayotoa mkopo. Anayeweka fedha ili tu apandishiwe kiwango cha kukopa hajaweka akiba bado.

Nashauri pia vikundi viangalie upya tarehe ya kuvunja mzunguko. Vingi hugawana Desemba, na wiki tatu za sikukuu humaliza fedha zilizokusanywa mwaka mzima, kisha Januari shule zinapofunguliwa wanachama haohao hutafuta wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa. Kikundi cha wazazi kinaweza kugawana wiki ya kwanza ya Januari. Kikundi cha wakulima wa Mbeya au Ruvuma kinaweza kugawana Oktoba, kabla ya mvua, na kumwalika wakala wa pembejeo siku hiyo hiyo ya mgao, ili atakaye mbegu na mbolea alipie akiwa bado amekaa kwenye mkutano.