Taa za madarasani ziacheni kwanza, twendeni jikoni

Walimu wakuu wanaponiita niwasaidie kupunguza gharama za nishati, wengi huanza kunizungusha madarasani wakinionyesha taa. Nawaelewa. Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inaonekana, uniti zinahesabika, na wauza balbu hawakosekani. Lakini shule ya msingi ya kutwa hapa Mwanza, iwe Igoma au Buswelu, inasoma mchana. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa mbili kwa siku inakula umeme kidogo mno. Fungueni madirisha, kuta zipakeni rangi nyeupe, taa ya ofisi izimwe jioni, basi. Kwenye taa sina la kuongeza.

Kilo moja ya kuni kavu ina nishati inayokaribia uniti nne na nusu za umeme. Kwa nishati hiyo, ile balbu ingewaka zaidi ya saa 400. Sasa makande ya wanafunzi mia kadhaa yanakula kilo ngapi? Nikiuliza hivyo najibiwa kwa tripu: kirikuu moja (kigari kidogo cha mizigo) inakwenda wiki na kidogo. Kwa tripu huwezi kujua kitu, maana kuni mbichi nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na hapo shule imenunua maji ili iyachemshe. Nunueni mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki. Mpishi apime kuni kabla ya kuwasha, aandike kwenye daftari kilo na idadi ya sahani zilizopakuliwa. Na pale ambapo kila mtoto anaagizwa aje na kijiti cha kuni, mimi napinga kabisa: licha ya kumtesa mtoto, kamati ya shule haitaona kamwe jiko lake linakula nini, kwa sababu hakuna aliyelipa.

Daftari likishakuwepo, tazameni mvuke. Kuivukiza lita moja ya maji yanayochemka kunataka nishati zaidi ya mara saba ya ile iliyoyatoa kwenye ubaridi wa bombani hadi yakachemka. Mafiga matatu ya wazi hupeleka kwenye sufuria takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni. Iliyobaki inapasha ukuta na macho ya mpishi. Ukipiga hesabu, kila lita inayopotea kama mvuke juu ya mafiga imegharimu kilo moja ya kuni, au zaidi. Sufuria kubwa isiyo na mfuniko, moto ukiwa mkali, inapoteza lita nyingi, na ndiyo maana mpishi anaongeza maji kila mara. Akiongeza ya baridi, maharage yanakatishwa kuchemka na safari inaanza upya.

Wapishi huniambia moto mkubwa unaivisha haraka. Maji yakishachemka, hata ukiweka gogo zima hayapandi joto tena, yanakauka tu. Tena sisi wa kanda ya ziwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maharage yaleyale yanachelewa kuiva Mwanza kuliko Dar es Salaam. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, na mahindi ya makande yawe yamekobolewa. Yakichemka, punguzeni kuni, wekeni mfuniko mzito unaokaa sawasawa (bati lililokunjwa na fundi wa mtaani linatosha), na dakika za mwisho ondoeni moto kabisa, joto la sufuria limalizie kazi. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba kama kifundo cha mkono, zianikwe chini ya paa mapema kabla mvua hazijaanza.

Mtu ataniuliza: si Serikali imeshaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa? Ndiyo, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono, mapafu ya wapishi wetu yamechoka. Ila shule inayohamia gesi ikiwa na sufuria wazi na maharage yasiyolowekwa itavukiza gesi vilevile, na mtungi ukiisha katikati ya muhula, mafiga yanarudi kimyakimya. Rekebisheni upishi kwanza, ndipo mjue mnahitaji mitungi mingapi. Mitungi ikae nje ya jiko, mahali penye hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

Taka za shule nazo zinaanzia hapohapo, kwenye kupima. Mwageni taka za siku moja juu ya turubai mzichambue. Mtakuta sehemu kubwa ni majani na mchanga wa kufagia uwanja, kisha maganda, karatasi, na vijailoni vya ubuyu na barafu. Hivyo vijailoni ni vyepesi, lakini ndivyo vinavyosombwa na mvua kutoka milimani kwetu, vikaingia mitaroni, Mto Mirongo, hadi ziwani. Kuvichoma shimoni ni kuwavutisha watoto moshi wenye sumu. Ongeeni na akina mama wanaouza getini: ubuyu unaweza kuuzwa kwa kijiko juu ya karatasi, barafu kwenye kikombe kinachooshwa.

Majani, maganda na majivu kidogo vinatengeneza mboji ya bustani ya mchicha. Majivu yakizidi yanaharibu udongo, mengine mwagieni kwenye vyoo vya shimo kupunguza harufu. Shule za kandokando ya ziwa huniuliza kuhusu magugu maji. Yanafaa sana kwa mboji, ila yakaushwe juani kwanza, na lundo liwe mbali na maji yasije yakaota upya. Kuyavuna wasitumwe wanafunzi, kwa sababu ya kichocho. Afanye mtu mzima mwenye mabuti marefu.