Mkeka usiochanika: maana ya hoja isiyokanushika

Mtu anaingia kibanda cha kubeti, anatoa elfu mbili yake, anataka aandikiwe mkeka huu: Simba atashinda, au atatoka sare, au atafungwa. Mhudumu atamtazama mara mbili. Mkeka wa namna hiyo hauchaniki, refa apulize filimbi atakavyo. Na kwa sababu hiyo hiyo hakuna atakayeulipa hata shilingi kumi.

Hoja isiyokanushika ni mkeka wa aina hiyo. Ni dai lililoshonwa kwa namna ambayo hakuna kitu chochote, kitokee leo au kitokee kesho, kinachoweza kuonyesha kwamba si kweli. Wengi huiona kuwa ni sifa. "Umeshindwa kunipinga," anasema mwenye dai, kifua mbele. Kweli umeshindwa. Ila na yeye hajakwambia nani atashinda.

Tusichanganye isiyokanushika na isiyokanushwa. "Kibo ndicho kilele kirefu kuliko vyote Afrika" haijakanushwa, lakini inakanushika: akitokea mtu na mlima wa mita 6,000 pale Singida, mita zetu 5,895 zimekwisha habari yake. Tofauti ni silabi moja, na nusu ya mabishano ya vijiweni yanaishi humo.

Kijiwe chetu kiko Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, kahawa kwa kashata. Kuna mzee tunamwita Meku, mlokole wa kukesha, na mimi ndiye Tomaso wa pale. Meku anashikilia kwamba dunia haijafikisha miaka elfu kumi. Siku moja nikamletea Olduvai, maana ni hapo tu Ngorongoro: fuvu aliloligundua Mary Leakey mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75. Meku akapuliza kahawa yake.

"Mungu aliliumba likiwa zee."

Na nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 na ushee?

"Ziliumbwa zikiwa zimeshakanyagwa."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Halafu nikagundua kuwa sina la kumjibu. Ningefukua mfupa gani ambao haukuumbwa mzee?

Meku hajui, lakini alitanguliwa. Mwaka 1857 Mwingereza Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe vya baharini na Mkristo asiyetaka mchezo na Maandiko, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Alianzia kwenye kitovu cha Adamu. Adamu hakuzaliwa na mwanamke, sasa kitovu cha nini? Gosse akajibu kwamba kiumbe huumbwa kikiwa kamili, pamoja na alama za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo: mti na pete zake za miaka ndani ya shina, jiwe na mifupa yake. Alidhani amewapatanisha wanajiolojia na kanisa. Wanajiolojia walimcheka, na waumini wenzake wakaudhika zaidi, kwa kuwa alikuwa amemgeuza Muumba kuwa mtu wa kughushi nyaraka.

Ubaya wa hoja hii ni kwamba ukishaifungulia mlango huwezi kumzuia anayefuata. Nilimwambia Meku, basi mzee wangu, dunia imeumbwa jana saa kumi jioni, sote tukiwa na kumbukumbu zetu na vyeti vya kuzaliwa, na ile elfu tatu yako niliyokopa Jumatatu iliumbwa ikiwa imeshakopwa, kwa hiyo sidaiwi. Hapo Meku alitetea historia kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwa profesa yeyote.

Aliyelipa suala hili uzito katika falsafa ya sayansi ni Karl Popper, wa Vienna. Mwaka 1919 alikuwa kijana, na Einstein alikuwa ametabiri kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda kwa kiasi fulani kinachopimika. Mei 29 mwaka huo jua lilipatwa, mwanaastronomia Arthur Eddington akaenda kupiga picha za nyota kisiwani Príncipe, huku kwetu Afrika lakini pwani ya magharibi. Kilichomgusa Popper ni kwamba Einstein alikuwa ameweka shingo yake mezani: picha zingesema vinginevyo, nadharia ingeanguka mbele ya watu.

Dini nazo huweza kuweka shingo mezani. Mwaka 2011 watu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. "Dawa ya mugariga inaponya kisukari" ni dai zuri kabisa: unakunywa, unasubiri, unapima sukari. Lilikuwa na ujasiri wa kuchanika. Mambo yaliharibika baadaye, kwenye mabasi ya kurudi Arusha na mitaani, pale watu walipoongeza mkia wao: asiyepona hakuamini vya kutosha. Sasa aliyepona ni ushahidi, na asiyepona ni ushahidi pia. Mkia huo huo utausikia kwenye mafuta ya upako na kwenye kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka ukitarajia kuvuna baraka. Mbegu isipoota, udongo ndio wenye makosa, na udongo ni wewe.

Dawa ya kuitambua hoja hii ni swali moja: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea? Nilimuuliza Meku. Akaweka kikombe chini, akanirudishia.

"Na wewe mwanangu, Mungu afanye nini ndipo uamini?"

Nikasema hata akinitokea hapa Mbuyuni nitajua ni malaria imepanda kichwani. Kijiwe kizima kikacheka, na hawakuwa wanamcheka Meku.

Wenye mashaka nasi tuna ugonjwa huo, na mgonjwa wetu maarufu anauhusu mlima huu unaotukaa juu ya vichwa. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, kisha akairipoti. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa: theluji hiyo ni ya kuwaziwa. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken akapanda sehemu ya mlima, akarudi na habari ile ile ya theluji. Cooley hakusogea. Shahidi mmoja alikuwa ameota, wa pili naye hakumtosha.

Rebmann, siku ile alipoona weupe kule juu, alimsikia kiongozi wake wa msafara akiuita kwa neno moja, ambalo yeye aliliandika "beredi". Baridi.