Kumhudumia anayekufa ni ujuzi, nao hufundishwa

Daktari kijana anapomaliza mafunzo anajua kuweka dripu, kushona kidonda na kusoma picha ya eksirei. Hayo ameyarudia mbele ya wakufunzi wake hadi mkono umezoea. Lakini kuketi na mama aliyeshuka kutoka Rombo na kumweleza kwamba saratani ya umio ya mumewe imefika mahali ambapo upasuaji hausaidii tena, hilo wengi hulifanya kwa mara ya kwanza wakiwa peke yao, tena zamu ya usiku. Tumezoea kudhani kwamba kazi hii inahitaji huruma tu, na mwenye huruma atajua la kufanya. Sisi tunaofundisha tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, hapa Moshi tunaona mengine kabisa. Mara nyingi mwenye huruma ndiye anayeondoka haraka kitandani, kwa sababu hajui aseme nini na uchungu wa mwenzake unamchoma.

Kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Dawa ni sehemu ya pengo hilo, majengo pia. Ila hata palipo na dawa na vitanda, pasipokuwa na mtu aliyefundishwa, mgonjwa hufa akiwa na maumivu ambayo yangeweza kutulizwa.

Mama wa fani hii ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hiyo yana pande nne: mwili, hisia, jamii na roho. Huku kwetu upande wa tatu hujitokeza sana. Mzee analalamikia mgongo usiku kucha ingawa dozi yake inatosha. Ukikaa naye unagundua kwamba hajapatana na mdogo wake kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, na anaogopa kufa kabla mpaka haujaonyeshwa mbele ya mashahidi. Ukimwongezea dawa atalala tu. Anachohitaji ni mtu wa kumpigia simu huyo mdogo wake.

Mafunzo yenyewe yanakwenda kwa igizo dhima zaidi kuliko kwa mihadhara. Mshiriki mmoja anakuwa daktari, wa pili mke wa mgonjwa, wa tatu anatazama na kuandika. Simu zinazimwa, viti vinawekwa karibu, hakuna anayesimama. Kanuni ya kwanza ni kuuliza kabla ya kueleza: "Mama, mpaka sasa umeelezwa nini kuhusu hali ya baba?" Jibu lake ndilo linaloonyesha pa kuanzia. Halafu anaandaliwa: "Majibu ya kipimo yametoka. Kwa bahati mbaya si mazuri." Kisha habari yenyewe, kwa maneno mafupi: "Baba ana saratani na imeshasambaa. Hatuna dawa ya kuiponya. Tunayo ya kutuliza maumivu, na tutaendelea kumhudumia."

Baada ya hapo, kimya. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Hazipiti sekunde nyingi, daktari ameshaanza kutaja tarehe ya kliniki, fomu ya bima, jina la dawa. Mtazamaji anaandika ni nani aliyevunja ukimya, na kwa nini. Mama akilia haambiwi "jikaze" wala "usilie". Anasubiriwa. Akiinua uso anaambiwa, "Pole sana, mama. Ni habari nzito." Zoezi hili linarudiwa na kurudiwa, na nimeona madaktari bingwa wakitokwa jasho kwa kunyamaza tu.

Zoezi la pili gumu ni lile la ndugu anayekuvuta koridoni na kukuambia, "Daktari, tafadhali, mzee asijue." Kumkatalia papo hapo kunavunja uhusiano. Kumkubalia kunamfungia mzee mlango wa kusema wosia wake. Tunawafundisha wamuulize kwanza huyo ndugu anaogopa nini, maana mara nyingi anaogopa mzee atakata tamaa. Kisha mzee mwenyewe aulizwe, familia ikiwapo: "Mzee, kuhusu ugonjwa wako, ungependa tukueleze yote, au kuna mtu ungependa tuzungumze naye kwa niaba yako?" Wapo wanaomtaja kifungua mimba wao na kuridhika. Wapo wanaojibu, "Nilikuwa nangoja mniulize."

Kuhusu mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, nitasema kwa ufupi, maana uvumi ni mwingi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi dhidi ya maumivu makali haiharakishi kifo, na si dalili kwamba mgonjwa ameachwa. Inafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyohiyo. Wenzetu wa Uganda walibadili sheria mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika, na hatua hiyo iliwafikia wagonjwa wengi vijijini wasio na daktari. Naamini ni njia inayostahili kufikiriwa kwa dhati popote ambapo madaktari ni wachache.

Saa za mwisho nazo zina dalili zake. Mgonjwa analala muda mwingi, hataki chakula, mikono na miguu inapoa, pumzi inakatika kisha inarudi, koo linakoroma. Ndugu wakiona hali hiyo wanamlazimisha uji, na uji unampalia. Mhudumu aliyefundishwa anawaeleza kwamba mwili hauhitaji tena chakula, anawaonyesha namna ya kulowanisha midomo kwa pamba safi, na anawahimiza waendelee kuzungumza naye, kwani huenda bado anasikia. Kuzijua dalili hizi kuna maana nyingine pia. Mkatoliki atahitaji padri mapema, akiwa bado na fahamu za kupokea mpako wa wagonjwa. Mwislamu atahitaji watu wake wamwelekeze kibla na kumtamkisha shahada. Muuguzi anayezitambua ataita watu kwa wakati.

Halafu kuna wafiwa. Katika siku za matanga jamii yetu ina nguvu kubwa: majirani, jumuiya, kikundi cha kufa na kuzikana. Shida huanza turubai likishakunjwa. Ndiyo maana tunawafundisha wahudumu wapige simu wiki chache baada ya mazishi, au wamtembelee mjane nyumbani, hasa Mwislamu aliye ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, asiyepaswa kuitwa kliniki kwa mazungumzo tu.

Wengi wamesikia kwamba huzuni ina hatua tano. Elisabeth Kübler-Ross aliyezieleza mwaka 1969 alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakufa, na mfiwa hana ratiba ya kuzipita moja baada ya nyingine. Mjane anaweza kucheka na wateja wake soko la Mbuyuni Jumatatu na kushindwa kuamka Jumanne, na zote mbili ni hali za kawaida. Kinachotutia wasiwasi ni huzuni inayobaki kali kupita miezi sita, kupita pia desturi za watu wake, ikimzuia kufanya kazi, kula au kulea. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Na yeyote anayesema anataka kumfuata marehemu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Watoto wasiambiwe kwamba baba amesafiri. Watangoja. Wasiambiwe amelala, maana wapo wanaoanza kuogopa usingizi. "Baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na sisi tupo na wewe." Mwalimu wa darasa ajulishwe pia.

Kuna watu ambao hawakumbukwi mafunzo yanapopangwa, nao ni wahudumu wa mochwari. Mfiwa hukutana nao saa mbaya kuliko zote. Wanapofundishwa, wanajifunza kumtaja marehemu kwa jina lake, kuwaeleza ndugu kabla ya kufunua kwamba watakuta mwili wa baridi na rangi iliyobadilika, na kuwapa nafasi wasiharakishwe. Hospitali zinapotuletea majina ya washiriki, tunaomba na wao waandikwe, pamoja na wauguzi wa wodi.