Taima Inapata Mapigo Yake Wapi? Saa za Ndani za STM32

Taima iliyo ndani ya maikrokontrola haijui sekunde wala dakika. Inachojua ni kuhesabu mapigo. Kila pigo likiingia, hesabu inapanda kwa moja. Ikifika kikomo ulichokiandika, inarudi sifuri na kutoa taarifa. Kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote kwenye rejista zake (vihifadhi vidogo vya mipangilio ndani ya chipu), lazima ujue mapigo hayo yanakuja mangapi kwa sekunde. Hapo ndipo wengi hukwama, maana chipu moja ina saa zaidi ya moja.

Tuchukue STM32F103, maikrokontrola ya kampuni ya ST, ile ya bodi ndogo ya Blue Pill. Ina vyanzo vinne vya mapigo. HSI imo ndani ya chipu na hupiga 8 MHz. Ndiyo inayotumika umeme unapowashwa tu. HSE hutegemea kristali ya nje, ambayo kwenye Blue Pill kwa kawaida ni ya 8 MHz pia. LSE ni kristali ya 32,768 Hz kwa ajili ya kutunza saa na tarehe. Ya nne ni LSI, ya 40 kHz kwa makadirio tu: inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 60. Hiyo huendesha mlinzi wa programu, IWDG, anayeiwasha upya chipu programu ikikwama, kwa hiyo usimtegemee akupimie muda kwa usahihi.

Taima za kawaida hazichukui mapigo kutoka kwenye chanzo moja kwa moja. Katika mpangilio uliozoeleka, 8 MHz ya HSE huingia PLL, sakiti ya kuzidisha mapigo, ikazidishwa mara 9, ikawa 72 MHz. Hiyo ndiyo SYSCLK, saa kuu ya mfumo. Kutoka hapo inapita AHB, njia kuu ya ndani ya chipu, kisha inagawanyika njia mbili ndogo, kila moja ikiwa na kigawanyi chake cha kupunguza mapigo: APB2, inayostahimili hadi 72 MHz, na APB1, ambayo mwisho wake ni 36 MHz. TIM1 iko APB2. TIM2, TIM3 na TIM4 ziko APB1. Ukisahau taima fulani iko njia gani, tazama rejista unayotumia kuiwasha: biti ya TIM3EN imo ndani ya RCC_APB1ENR, na jina hilo limeshakujibu.

Basi mtu anapiga hesabu: TIM3 iko APB1, APB1 ni 36 MHz, kwa hiyo TIM3 inapata 36 MHz. Hapana. Inapata 72.

Kanuni ni hii: kigawanyi cha APB kikiwa 1, taima hupata mapigo yaleyale ya APB. Kikiwa kingine chochote, yaani 2, 4, 8 au 16, taima hupata mara mbili ya yale ya APB. Hapa 72 imegawanywa kwa 2 ili APB1 ipate 36, kwa hiyo taima zake hurudishiwa 72. Kwa maoni yangu huu ndio mtego mbaya kuliko yote kwenye chipu hizi, kwa sababu hata kazi ya HAL (maktaba ya programu ya ST) iitwayo HAL_RCC_GetPCLK1Freq itakurudishia 36,000,000 bila kusema uongo. Imekupa mapigo ya njia. Ya taima hukuyauliza.

Tazama madhara yake kwenye mota ya servo, inayotaka pigo moja kila milisekunde 20. Unaweka PSC, kigawanyi cha taima yenyewe, 35 ukiamini 36 ÷ 36 inakupa 1 MHz, halafu ARR, kile kikomo cha hesabu, 19999. (Namba zote mbili hupunguzwa moja kwa sababu hesabu inaanzia sifuri.) Kwa kuwa mapigo halisi ni 72 MHz, taima inahesabu 2 MHz, mzunguko unakwisha kwa milisekunde 10, na lile pigo la milisekunde 1.5 la kuiweka servo katikati linatoka 0.75. Mota inakwenda kusikotarajiwa na wewe unalaumu waya. PSC sahihi ni 71.

Kosa lenyewe huwa linajitaja kwa uwiano. Kila kitu kikienda mara mbili ya kasi, umesahau ile kanuni ya kuzidisha. Kikienda polepole mara 9, huenda kristali haikuamka na chipu imebaki kwenye HSI: soma biti za SWS, zinazoonyesha chanzo kinachotumika, katika rejista ya RCC_CFGR, ambapo 00 ni HSI, 01 ni HSE na 10 ni PLL. Vigawanyi vya njia navyo vimo kwenye rejista hiyohiyo, PPRE1 kwa APB1 na PPRE2 kwa APB2.

Ukihamia chipu nyingine usibebe namba hizi. Kwenye STM32F407 inayokwenda 168 MHz, APB1 ni 42 na taima zake hupata 84. F429 imeongezewa biti ya TIMPRE inayobadilisha kanuni yenyewe. Fungua mchoro wa mti wa saa kwenye mwongozo wa chipu yako, RM0008 kwa F103, ufuate mstari kwa kidole hadi kwenye taima.

Ukitaka ushahidi wa macho, F103 inaweza kutoa saa yake nje kupitia pini ya PA8, iitwayo MCO. Chagua PLL iliyogawanywa kwa 2, kwa sababu pini hiyo haifai kupitisha zaidi ya 50 MHz.