Je, wajua kwa nini programu ya watoto ilitenganisha kuandika na kusahihisha?

Siku hizi mtoto akikosea neno mistari mitatu juu, hurudi pale pale, akafuta, akaendelea. Mwaka 1982 watoto wa Marekani waliojifunza kuandika kwa Bank Street Writer, programu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta, hawakuweza kufanya hivyo. Programu hiyo iliuzwa na kampuni ya Broderbund, na katika kuitengeneza kilishiriki Bank Street College of Education, chuo cha ualimu cha New York. Ilikuwa na hali ya kuandika na hali ya kusahihisha, na mtoto alihama kutoka moja hadi nyingine kwa kitufe cha Esc. Kwa nini azungushwe hivyo?

Tazama kibodi ya Apple II Plus, kompyuta iliyokuwa shuleni na nyumbani wakati huo. Ilikuwa na vishale viwili tu, cha kushoto na cha kulia. Kupanda na kushuka kwenye maandishi kulihitaji vitufe vya herufi: I kwenda juu, M chini, J kushoto, K kulia. Sasa mtoto akibonyeza I, kompyuta itajuaje kama anaandika neno au anapanda mstari? Haiwezi kujua mpaka aiambie, na Esc ndiyo iliyoiambia.

Watu wazima walikuwa na njia yao. WordStar, programu ya kuandikia iliyotoka mwaka 1978, iliwataka washike Ctrl pamoja na herufi, na amri hizo walizikariri. Kumkaririsha mtoto wa miaka tisa amri chungu nzima ni kumfukuza kwenye mashine. Bank Street Writer iliziandika amri zake juu ya skrini: futa, hamisha, tafuta, badilisha. Ajuaye kusoma aliweza kuanza.

Jambo ninaloliona la busara kuliko yote ni amri mbili za kutengua, moja ya kurudisha kilichofutwa na nyingine ya kurudisha kilichohamishwa. Mtoto aliyepoteza aya yake aliweza kuirejesha, na asiyeogopa kupoteza hujaribu.

Na kujaribu ndiko kulikotafutwa. Mwaka 1980 Seymour Papert, mtafiti wa kompyuta na elimu ya watoto katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, alieleza kwamba watoto wengi huona kuandika upya ni kazi nzito mno, hivyo rasimu ya kwanza hubaki kuwa ya mwisho. Ni kweli kabisa. Mtoto mwenye mwandiko mgumu akiambiwa sentensi ya mwisho ingefaa ije mwanzo, anaona adhabu ya kunakili ukurasa mzima, na karatasi imeshachanika kwa ufutio. Kwenye skrini sentensi ilihama, printa ikatoa nakala safi.

Kuhamahama kwa Esc kuliwachosha waliokwisha kuizoea programu, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 1983 ikaja Apple IIe, mrithi wa Apple II Plus, na kibodi yake ilikuwa na vishale vinne.